Penye majani mengi, chambo gani? Jibu kwa mvuvi mgeni wa Mikindani

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, nimehamishiwa Mtwara tangu Januari nikitokea Njombe. Nimenunua fimbo ya futi saba na rili yake, na kila Jumamosi naingia kwenye maji ya magotini hapa Mikindani kumtafuta yule samaki wa kichwa bapa anayejilaza mchangani kama mamba. Nina vyambo bandia vitano nilivyonunua Dar es Salaam, vyote vinameta. Kila nikirusha navuta majani. Miezi minne sasa, samaki mmoja tu, na huyo hakuzidi kiganja. Ninunue chambo gani?"

Marahaba mwalimu, na karibu Kusini.

Ningekuwa karibu ningekuuliza kwanza huyo mmoja wa kiganja ulimpata wapi hasa. Hukuandika, basi nakisia. Ulimpata mwisho wa kuvuta, hatua chache kutoka miguuni kwako, chambo kilipokuwa kimeachana na majani na kupita juu ya mchanga mtupu. Au kilidondokea kwenye kipara cha mchanga katikati ya majani kwa bahati tu. Sioni namna ya tatu, kwa sababu kwingine kote ulikokirusha chambo chako kilikuwa reki.

Ndiyo maana siwezi kukutajia chambo kimoja nikaishia hapo. Hivyo vitano ulivyonavyo huenda havina kosa lolote, ila havina njia ya kupita. Penye majani, unaposhika chambo dukani, rangi na kumeta viache mwisho. Anza kujiuliza hiki nikikivuta kitapita wapi: juu ya majani, katikati yake, au chini mchangani? Na kikipita hapo, ncha ya ndoano itakuwa imeelekea wapi? Ukishajibu hayo mawili, nusu ya vyambo vya dukani utavirudisha mwenyewe.

Nami nimepita njia hiyo hiyo. Zamani nilinunua kisanduku kizima cha visamaki vya plastiki ngumu katika duka moja la mjini, muuzaji akiniapia kuwa ni vya samaki wote wa pwani. Kila kimoja kilikuwa na ndoano mbili za meno matatu, yaani meno sita kwenye kitu cha urefu wa kidole. Nikavuka navyo Msangamkuu asubuhi moja ya kusi. Nilikwenda na kumi, nikarudi na vitatu, kidole gumba kimechanika, na nyuma yangu watoto waliokuwa wakiokota chaza wanahesabu kwa sauti kila kinachobaki majini. Walifika saba, wakapiga makofi.

Tuanze na samaki mwenyewe. Majina yake hubadilika kijiji hadi kijiji, kwa hiyo nitamwita kichwa-bapa kama ulivyomwita wewe. Wataalamu humwita Platycephalus indicus, na neno la kwanza ni Kigiriki chenye maana hiyo hiyo, kichwa bapa. Utamtambua kwa mkia wake wenye milia myeusi na rangi ya njano katikati. Anaweza kukua hadi karibu mita moja, ila wengi ni chini ya sentimita 60, na wale wanaosogea kwenye maji ya magotini wengi wao wana urefu wa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole.

Siku utakayomkamata, kabla hujamtia kwenye kikapu, mtazame kichwa. Macho yako juu kabisa. Taya la chini limetangulia la juu. Mdomo ni mpana kuliko unavyodhania kwa mwili wake. Samaki wa namna hiyo anatazama juu na mbele, na huuma kwenda juu na mbele. Hana desturi ya kufukuza. Hujifukia mchanga hadi yakabaki macho, akangoja kamba, kaa wadogo na visamaki vinavyotambaa chini, kisha hujirusha umbali mfupi, akafunga mdomo, akarudi kulala. Chambo kinachopita mita mbili juu ya kichwa chake kinaweza kumpendeza kolekole, yeye hakimhusu. Na chambo kinachoburuta fungu la majani hakifanani na kitu chochote alichowahi kula.

Kuna jambo moja ambalo wageni wengi hulikosea. Wanasikia kwamba kichwa-bapa yuko penye majani, basi wanarusha katikati ya majani. Yeye halali ndani ya majani mazito, maana hawezi kujifukia kwenye mizizi. Hulala kwenye mchanga ulio jirani na majani, kwa sababu chakula chake ndicho kinachoishi humo. Anakaa kama mtu aliyeketi barazani akitazama wapita njia. Kwa hiyo unachotafuta ni ukingo wa majani, vipara vya mchanga vilivyo katikati yake, na vile vifereji ambavyo maji hupitia yakitoka na kuingia.

Vipara hivyo utavijuaje? Siku moja ya bamvua, yaani zile siku maji yanapokupwa na kujaa kuliko kawaida, nenda bila fimbo. Huku kwetu maji ya bamvua hukauka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, ndiyo maana utawaona wakina mama wa mwani na watafuta pweza wakiteremka pwani saa mbili, saa tatu. Teremka nao. Fuata kingo za vifereji, tazama mchanga uliolowa. Utaona alama ya umbo la ncha ya mkuki: pana mbele, nyembamba nyuma, imezama kama sentimita mbili, na pembeni mchanga umetupwa kidogo kama shuka iliyosukumwa na mtu aliyeamka haraka. Hapo alilala kichwa-bapa maji yakiwa bado yapo. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, naye huacha shimo, ila lake ni la duara kama sinia. Pima alama kwa shibiri uone ukubwa wa mwenyewe. Kisha tazama zimeelekea wapi. Mara nyingi zote hutazama upande mmoja, kule maji yalikokuwa yakitokea, kwa kuwa mkondo ndio unaomletea chakula mdomoni. Nimewahi kuhesabu kumi na moja kwenye ukingo mmoja usiozidi urefu wa mtumbwi, na hatua hamsini mbele yake hakukuwa na hata moja. Asubuhi kama hiyo itakufaa kuliko chambo chochote nitakachokutajia.

Sasa majani. Tusichanganye na mwani unaolimwa kwenye kamba. Nasema haya majani ya kijani yaliyoota mchangani yenyewe. Hayako ya aina moja, na kila aina inataka chambo chake. Yapo mafupi, ya urefu wa kidole hadi kiganja, kama zulia. Hayo ni rahisi, ukiwa na chambo chepesi utapita juu yake siku nzima. Yapo marefu mapana kama mkanda, Enhalus acoroides, ambayo maji yakipungua hulala juu ya uso wa maji yote kwa upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Hapo katikati hakuna njia, utabaki na juu kabisa au pembeni. Na yapo yale yenye vijiti vigumu chini na kishada cha majani juu, Thalassodendron ciliatum. Hayo ndiyo yaliyokula vyambo vyangu saba. Jani la kawaida ukilivuta hukatika, lakini kijiti cha hayo hakikatiki, hukatika uzi. Ukiyaona, ndoano iliyo wazi irudishe mfukoni.

Ya nne ni majani yaliyokatika na kuelea. Kusi likivuma kwa nguvu, hasa Juni hadi Agosti, upande wa ufukwe unaopigwa na upepo hujaa takataka hizo, na hakuna ndoano ya ujanja itakayokuokoa. Hamia upande uliokingwa. Ghuba ya Mikindani kwa hilo ni neema, maana mlango wake ni mwembamba na ndani mna kona ambazo upepo hauzifikii.

Chambo ambacho ningekuambia ununue kesho ni kisamaki cha mpira cha sentimita 8 hadi 10, kikivaa ndoano ya kuficha ncha. Ndoano hiyo ina pindo mbili karibu na tundu la uzi, na nyingine huwa na risasi ndogo iliyoshikiliwa tumboni. Hiyo ya tumboni ndiyo nzuri, kwa sababu chambo hushuka kikiwa kimelala kama samaki, tofauti na ile ya kichwani ambayo huzama pua kwanza na kujichoma kwenye mizizi. Uzito: gramu 2 au 3 kwa maji ya magotini. Gramu 5 kama maji yako mapajani au upepo unakurudishia uzi usoni. Zile za gramu 10 ulizoziona Dar ziache kwa ukingo wa mkondo wenye mchanga mtupu. Wengi hudhani uzito mkubwa ni umbali mkubwa, na ni kweli utarusha mbali, ila utakuwa unarusha mbali ili ukwame mbali.

Kukivisha kunataka utulivu, kwa hiyo kifanyie nyumbani mezani kabla hujakifanyia kwenye maji. Ingiza ncha ya ndoano puani mwa kisamaki, itembeze ndani milimita tano hivi, itoe kidevuni. Vuta ndoano mpaka pua ikae juu kwenye zile pindo mbili. Igeuze ili ncha itazame tumbo. Sasa acha kisamaki kining'inie, utazame kwa jicho ndoano inagusa wapi tumboni. Hapo ndipo utakapotoboa, si mbele yake wala nyuma yake. Toboa tumbo utokee mgongoni, kisha rudisha ncha ndani ya ngozi ya mgongo kidogo tu, milimita moja inatosha. Kitazame kwa mbele. Kikiwa kimepinda hata kidogo, kivue uanze upya, kwa kuwa kisamaki kilichopinda huzunguka kama pia na kuusokota uzi wote. Mwisho kiburute juu ya kanga iliyotandikwa kitandani. Kikipita bila kushika uzi wa kanga, kitapita kwenye majani. Kikishika, rudia. Mwenye kanga muombe ruhusa kwanza.

Mkia uwe wa namna gani? Ule wenye kisigino kama kasia hutikisa maji na husaidia maji yakiwa na tope, ila hushika majani zaidi. Ule mwembamba uliochongoka huteleza. Penye majani marefu mimi huweka mwembamba, penye zulia fupi huweka kasia. Sina dini katika hili.

Cha pili ni kisamaki cha plastiki ngumu chenye ulimi mbele, lakini kwa masharti. Kwanza kiwe kinaelea, maana kinachozama hakikusaidii. Pili, ulimi wake uwe wa kukishusha sentimita 30 hadi 60, usizidi. Tatu, ng'oa ndoano za meno matatu zote, na uweke ya jino moja nyuma peke yake, ncha ikitazama juu. Kisamaki hicho kina akili moja nzuri: ukiacha kuvuta, hupanda. Kwa hiyo kikigusa jani usikazane. Acha, hesabu mbili, kitarudi nyuma na kupanda chenyewe, kisha endelea taratibu. Penye kipara cha mchanga ndipo utakapofurahi nacho, kwa sababu ulimi unagonga chini na kutimua vumbi, na vumbi ndilo kamba na kaa huacha nyuma wakikimbia. Hivyo vitano vyako vinavyometa, ukivikagua nahisi utakuta viwili au vitatu vinaelea. Viokoe kwa kubadilisha ndoano kabla hujatumia fedha nyingine.

Majani marefu yakiwa yamelala juu ya maji, chambo cha kupita juu kabisa kina nafasi yake alfajiri, maji yakiwa chini ya magoti na hakuna upepo. Kichwa-bapa hupanda kukifuata, tena kwa kishindo. Lakini nikueleze kwa uaminifu: kwa chambo cha juu nimepata mzia wengi kuliko yeye, na mzia ana meno ya kukukatia uzi.

Vile vya chuma bapa vinavyotetema, viache. Ni vizuri sana kwenye mkondo wa mchanga, na ni balaa kwenye majani. Vijiko, yaani vyambo vya chuma vyenye umbo la kijiko, navyo hivyo hivyo, isipokuwa kijiko chenye ndoano moja na waya mwembamba wa kukinga ncha.

Rangi haitachukua muda wako mwingi. Maji ya Mikindani yakiwa meupe, chukua rangi za vitu vilivyomo humo: mchanga, kahawia, kijani cha majani makavu, rangi ya kamba mbichi. Ukienda Lindi wakati wa mvua, Mto Lukuledi unapomwaga maji ya kahawia ghubani, kati ya Desemba na Aprili, chukua nyeusi au zambarau iliyokolea, kwa sababu samaki anayetazama juu anaona kivuli, na kivuli cheusi huonekana. Wengine hupendelea njano kali au waridi. Nimepata kwa zote. Kumeta si dhambi, ila samaki aliyejifukia haoni mng'ao wa ubavu wa chambo kama wewe unavyouona dukani chini ya taa.

Najua utaniambia vyambo vya mpira havipatikani kwa urahisi Mtwara, na kuagiza Dar ni gharama ya basi juu ya gharama ya chambo. Kweli. Basi tengeneza. Wavuvi wa mshipi wa pwani hii huvuta samaki kwa manyoya ya kuku na nyuzi za viroba tangu kabla hujasikia habari ya chambo cha mpira, na kichwa-bapa hajui tofauti.

Tafuta ndoano moja nzima ya ukubwa wa 1/0 au 2/0, manyoya manne marefu ya shingo ya jogoo, ya kahawia au mekundu, uzi wa cherehani, na risasi ndogo ya wavu. Usiyeyushe risasi jikoni, moshi wake ni sumu na watoto wako hapo. Ipasue kwa kisu, ibane kwa koleo kwenye shingo ya ndoano karibu na tundu, upande wa mgongo, ule usiotazamana na ncha. Hapo ndipo siri ilipo: ikikaa upande huo, majini ndoano itapinduka yenyewe na ncha itatazama juu, mbali na mizizi. Funga manyoya mawili kila upande, yapite nyuma ya ndoano kwa urefu wa kidole kidogo. Sasa kinga: kata vipande viwili vya nailoni nene, ya milimita 0.6 au 0.7, vifunge nyuma ya tundu vikilala kuelekea ncha, na uvikate virefu kuliko ncha kwa milimita mbili. Ukivibonyeza kwa kidole viiname, ukiachia virudi. Jani likija litateleza juu yake, samaki akiuma atavibonyeza. Zungushia uzi wa cherehani kwa kubana, kisha paka rangi ya kucha mara mbili, ikauke katikati. Yangu ya kwanza niliichukua kwa binti yangu bila kumwambia, ya waridi yenye kumeta, na bei niliyolipa baadaye ingeninunulia vyambo vitatu vya Dar.

Fimbo yako ya futi saba inatosha, usiongeze. Uzi wa kusuka wa kilo 4 hadi 6 utakuwezesha kurusha vitu vyepesi na utakata majani laini ukiukaza. Mbele yake funga nailoni ya kilo 8 au 10, urefu wa hatua moja fupi, kwa kuwa meno ya kichwa-bapa ni madogo kama msasa, hayakati kwa mara moja bali husaga. Baada ya kila samaki pitisha vidole kwenye nailoni hiyo, ukihisi ukwaruzo kata ufunge upya.

Kuvuta sasa. Nimewaona vijana wakirusha na kuvuta kama wanaochota maji kisimani kabla ng'ombe hawajafika. Punguza mwendo, kisha upunguze tena. Simama ili chambo chako kije pamoja na mkondo, maana samaki ameutazama; kikimjia kwa nyuma anashtuka. Juu ya majani kivute kwa mwendo mmoja wa polepole, ncha ya fimbo ikiwa juu, kiyapapase tu. Kikifika kwenye kipara, acha kishuke, na uzi usilegee kabisa. Hesabu tatu. Inua ncha ya fimbo kiasi cha shibiri mbili, acha tena. Mara nyingi anauma kikishuka, na hutasikia kishindo. Utahisi tu kwamba chambo kilichotakiwa kufika chini hakijafika, au uzi umesogea pembeni kidogo, au kuna uzito kama wa kitambaa kilicholowa. Usikurupuke. Kaza uzi mpaka uzito uujae mkono, ndipo uinue fimbo kwa nguvu, hasa kwa ndoano ya kuficha ncha, kwa sababu lazima ncha itoboe mpira kwanza kabla ya taya.

Kipara chenye alama tatu kipitie mara tano au sita kwa pembe tofauti kabla hujakihama. Yeye hatoki kwenda kutafuta chambo, mpaka kimpite mbele ya pua. Na usisahau maji yaliyo kati yako na ukingo wa kwanza: wengi wako humo, kwenye maji ya kifundo cha mguu, na mgeni huwakanyaga akienda kurusha mbali.

Saa nzuri kwangu ni mbili za mwisho za maji kutoka na mbili za kwanza za kujaa. Maji yakitoka, visamaki na kamba hulazimika kuhama kwenye majani kupitia vile vifereji, na kichwa-bapa huwa amekwisha kupanga mstari mlangoni. Siku za bamvua hilo ni kati ya saa mbili na saa sita au saba asubuhi na mchana, Jumamosi nzuri kabisa ya mwalimu. Maji mafu, yale yasiyokupwa wala kujaa sana, yana mkondo dhaifu, na saa zake zimegeuka: asubuhi ya saa nne maji yamejaa. Siku hizo mimi husahihisha nyavu.

Mambo ya usalama na adabu, haraka. Ukitembea majini usiinue miguu, iburute, taa akihisi mtikisiko huondoka mwenyewe, ukimkanyaga hutasahau. Akikuchoma, maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha hospitali. Kichwa-bapa naye ana miiba pande zote mbili za kichwa, karibu na mashavu, na hutikisa kichwa unapomtoa ndoano. Mshike kwa kitambaa kilicholowa, au mburute ufukweni kwanza, usimnyanyue kwa uzi. Kamba na vigingi vya mwani usirushe karibu navyo kabisa. Chambo kimoja kilichonasa pale kinaweza kuharibu kazi ya mama wa watu ya wiki kadhaa. Na ukielekea Msimbati, kumbuka umeingia Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Huko ulizia ofisini kwao kabla hujafungua rili, na hapa mjini muulize afisa uvuvi wa halmashauri kuhusu leseni.

Wa kiganja mrudishe. Mkubwa sana naye nakushauri umrudishe, ingawa najua ni ushauri mgumu kwa mtu aliyengoja miezi minne. Kwa binamu yake wa Australia, Platycephalus fuscus, wale wakubwa kabisa ni majike, ndiyo maana jimbo la Queensland huruhusu kuchukua wa kati ya sentimita 40 na 75 peke yao. Wa katikati ndiye wa chungu: nyama nyeupe, imara, miiba michache, na tui la nazi humkubali kuliko mafuta ya kukaangia.

Kwa hiyo fedha ya mwezi huu itumie hivi: pakiti moja ya visamaki vya mpira vya kahawia, ndoano tano za kuficha ncha zenye gramu 3, na ndoano kumi za jino moja za kubadilishia vile unavyovimiliki. Jogoo atapatikana hapo hapo Mikindani. Bamvua ijayo teremka na wakina mama saa mbili, fimbo ukiiacha nyumbani, na uniandikie umehesabu alama ngapi na zimetazama wapi.